Kesi ya nyani kwa ngedere? Kwa nini serikali zinazokiuka haki hukaa pamoja kuzungumzia haki

Oktoba 2023, mjini New York, nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilipiga kura kuchagua wajumbe wapya wa Baraza la Haki za Binadamu. Burundi ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoshinda. Ilipata kura 168.

Wakati huohuo, Baraza hilohilo lilikuwa na mtaalamu maalumu aliyepewa kazi moja: kufuatilia ukiukaji wa haki za binadamu nchini Burundi. Serikali ya Burundi haikumruhusu mtaalamu huyo kuingia nchini. Kwa hiyo mlango wa Bujumbura ukawa umefungwa kwa mchunguzi, na mlango wa Geneva ukawa wazi kwa anayechunguzwa.

Kwa wasikilizaji wetu wa mkoa wa Kigoma, habari hii si ya mbali. Tangu mwaka 2015, Warundi zaidi ya laki tatu waliikimbia nchi yao baada ya machafuko yaliyoanza pale Rais Pierre Nkurunziza alipogombea muhula wa tatu. Wengi wao walivuka mpaka na kuingia Tanzania, wakapewa hifadhi katika kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. Mtu aliyetoka huko akiwa na mtoto mgongoni akisikia redioni kwamba serikali aliyoikimbia imechaguliwa kusimamia haki za binadamu duniani, ana haki ya kuuliza: hii ni kesi ya nyani kupelekewa ngedere, au kuna jambo hatulielewi?

Katika makala hii tunajibu swali hilo hatua kwa hatua. Tutaeleza Baraza hilo ni nini, serikali zenye rekodi mbaya zinaingiaje, zinafanya nini zikishaingia, na kama kuna faida yoyote kwa mtu wa kijijini.

Baraza la Haki za Binadamu ni nini?

Baraza la Haki za Binadamu ni chombo cha Umoja wa Mataifa chenye makao yake Geneva, Uswisi. Lina viti 47. Afrika ina viti 13, Asia na Pasifiki 13, Amerika ya Kusini na Karibiani 8, Ulaya ya Magharibi na washirika wake 7, na Ulaya ya Mashariki 6. Kila nchi hukaa miaka mitatu, na ikikaa vipindi viwili mfululizo ni lazima ipumzike kabla ya kugombea tena.

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba Baraza si mahakama. Haliwezi kumfunga mtu wala kutuma askari. Wanaokaa kwenye viti hivyo si majaji wala wanaharakati, ni mabalozi wanaotumwa na serikali zao.

Linachoweza kufanya ni kujadili hadharani hali ya nchi fulani, kupitisha maazimio, kuunda tume za uchunguzi na kuteua wataalamu wa kufuatilia nchi au jambo maalumu. Jambo likiwa la dharura, nchi wanachama 16 zikikubaliana, mkutano maalumu unaitishwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Februari 2025, baada ya waasi wa M23 kuuteka mji wa Goma. Baraza lilikutana likaamua kuundwe timu ya kukusanya ukweli kuhusu yaliyotokea Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini.

Kilio hiki ni cha zamani

Kabla ya Baraza hili kulikuwa na Tume ya Haki za Binadamu, iliyoanzishwa mwaka 1946. Tume hiyo ndiyo iliyoandaa Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lililopitishwa tarehe 10 Desemba 1948. Ilifanya kazi kubwa, lakini ilizeeka vibaya.

Mwaka 2003, Libya ya Kanali Muammar Gaddafi ilichaguliwa kuwa mwenyekiti wa Tume. Nchi 33 ziliunga mkono, 3 tu zilipinga, na 17 hazikuegemea upande wowote. Mwaka uliofuata, wakati vijiji vya Darfur vikichomwa moto, Sudan ilichaguliwa tena kuwa mjumbe. Mwakilishi wa Marekani alitoka nje ya ukumbi kwa hasira.

Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, Kofi Annan wa Ghana, alisema wazi mwaka 2005 kwamba baadhi ya nchi zilikuwa zinatafuta viti kwa ajili ya kujikinga na lawama au kulaumu wengine, si kwa ajili ya kuimarisha haki. Alipendekeza Tume ivunjwe.

Tarehe 15 Machi 2006 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliunda chombo kipya, hili Baraza la sasa. Nchi 170 zilikubali, 4 zilikataa, Marekani ikiwa mojawapo, na 3 hazikuegemea upande wowote. Ahadi ilikuwa kwamba safari hii wajumbe watakuwa wale wanaoheshimu haki kwa kiwango cha juu kabisa. Maneno hayo yamo ndani ya azimio lenyewe. Shida ni kwamba hayakuwekewa kipimo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba nchi iliyofanya jambo fulani haruhusiwi kugombea.

Zinaingiaje?

Hapa ndipo wengi hushangaa, kwa sababu jibu ni rahisi mno: mara nyingi hakuna ushindani.

Fikiria kamati ya maji ya kijiji yenye nafasi tano. Kabla ya siku ya uchaguzi, wakubwa wa ukoo mmoja wanakaa faragha na kuelewana: safari hii ni zamu ya fulani na fulani, wengine watulie. Siku ya mkutano yanaletwa majina matano kwa nafasi tano. Mnapiga kura, lakini mmechagua nini?

Kanda za dunia hufanya vivyo hivyo. Oktoba 2018 kulikuwa na viti 18 vya kujazwa, na wagombea walikuwa 18. Kwa upande wa Afrika waliingia Burkina Faso, Cameroon, Eritrea, Somalia na Togo. Eritrea iliingia ingawa miaka miwili tu kabla, tume ya uchunguzi iliyoundwa na Baraza lenyewe ilisema kuna sababu za kuamini kwamba maofisa wa nchi hiyo walitenda uhalifu dhidi ya ubinadamu. Oktoba 2024 Afrika ilikuwa na viti vitano na wagombea watano: Benin, Gambia, Ethiopia, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Kenya. Kenya ilichaguliwa miezi michache tu baada ya makumi ya vijana kuuawa katika maandamano ya kupinga Muswada wa Fedha, na wengine kutekwa. Oktoba 2025 dunia nzima ilikuwa na viti 14 na wagombea 14.

Kisheria, mgombea lazima apate zaidi ya nusu ya kura za wanachama wote wa Umoja wa Mataifa, yaani angalau kura 97 kati ya 193. Kwa hiyo hata akiwa peke yake anaweza kukataliwa. Lakini kura ni ya siri, na nchi hubadilishana: unipigie mimi kwenye chombo hiki, nami nikupigie kwenye kile. Ni nipe nikupe.

Pale ushindani unapokuwapo, mambo hubadilika. Oktoba 2020 Saudi Arabia iligombea viti vya Asia vilivyokuwa na wagombea zaidi ya nafasi. Ilipata kura 90, ikashindwa. Ilijaribu tena Oktoba 2024 ikashindwa tena, safari hii na Visiwa vya Marshall, nchi ndogo kabisa ya Bahari ya Pasifiki. Urusi nayo iligombea Oktoba 2023 ikapata kura 83, Bulgaria na Albania zikachukua nafasi. Kwa maneno mengine, nyani hupata kiti kwa urahisi pale ambapo hakuna mwingine aliyejitokeza kukigombea.

Zikiingia zinafanya nini?

Kazi ya kwanza ni kulindana, na ushahidi wa hilo upo kwenye kura.

Agosti 2022, Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti kuhusu jimbo la Xinjiang nchini China. Ripoti ilisema kuwafungia Waislamu wa jamii ya Uighur na wengine kwa wingi huenda ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Oktoba mwaka huo, nchi kadhaa ziliomba jambo dogo tu: Baraza likae liijadili ripoti hiyo. Halikuwa ombi la adhabu wala la uchunguzi mpya. Wajumbe 17 walikubali, 19 walikataa, na 11 hawakuegemea upande wowote. Mjadala haukufanyika. Kati ya nchi zote za Afrika zilizokuwa Barazani, ni Somalia pekee iliyokubali mjadala.

Kwa nini serikali ya mbali imkinge mwenzake? Sababu moja ni mikopo na biashara. Sababu nyingine ni hofu ya kesho. Serikali inayojua kwamba magereza yake yana watu wasiofikishwa mahakamani haipendi kuona desturi ya kuchunguza magereza ya wengine inazoeleka. Leo kwake, kesho kwangu. Na wakati mwingine kuna sababu yenye uzito zaidi: nchi nyingi za Afrika zinaona kwamba mataifa makubwa yanawafuatilia wanyonge na kuwaacha marafiki zao. Lawama hiyo ina ukweli. Marekani, kwa mfano, ilijitoa Barazani mwaka 2018 ikisema linaionea Israel, ikarudi kwa kuchaguliwa mwaka 2021, kisha mwaka 2025 ikatangaza tena kujiweka kando. Kila mmoja anaona kosa kwa jirani. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Lakini kiti hakizuii kila kitu

Sasa turudi Burundi, kwa sababu kuna upande wa pili ambao hausemwi sana.

Burundi ilikuwa na kiti pia kuanzia mwaka 2016 hadi 2018, yaani katika miaka ile ile mibaya. Tarehe 30 Septemba 2016 Baraza lilipiga kura kuunda Tume ya Uchunguzi kuhusu Burundi. Burundi ilikuwa ndani ya ukumbi, ikiwa mjumbe kamili. Ilipinga, ikashindwa. Nchi 19 zilikubali, 7 zilikataa, na 21 hazikuegemea upande wowote.

Tazama hesabu hizo vizuri. Baraza lina wajumbe 47, lakini kura 19 zilitosha, kwa sababu kinachohesabiwa ni waliosema ndiyo dhidi ya waliosema hapana. Wale 21 waliokaa kimya ndio waliofungua njia. Katika kura ya Xinjiang, wale 11 waliokaa kimya ndio walioiziba. Kwa hiyo ukisikia redioni kwamba nchi yako haikuegemea upande wowote, usidhani haikufanya kitu. Kimya nacho ni uamuzi.

Serikali ya Burundi iliifungia Tume mlango. Tume ikaenda kwa waliotoka nje. Katika mwaka wake wa kwanza ilifanya mahojiano zaidi ya 500, mengi yakiwa na wakimbizi katika nchi jirani. Septemba 2017 ilitoa ripoti ikisema kuna sababu za kuamini kwamba uhalifu dhidi ya ubinadamu umetendwa: mauaji, mateso, ubakaji, watu kukamatwa kiholela na wengine kupotezwa. Mwezi uliofuata majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai waliruhusu uchunguzi kuhusu Burundi kuanza, siku chache tu kabla ya nchi hiyo kujitoa rasmi katika mahakama hiyo.

Je, kuna kiongozi aliyehukumiwa kutokana na hayo? Hapana. Mwaka 2019 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ililazimika kufunga milango yake Bujumbura. Mwaka 2021 Tume ilimaliza muda, na nafasi yake ikachukuliwa na mtaalamu maalumu tuliyemtaja mwanzoni. Kisha Burundi ikapata kiti tena.

Hata hivyo, maneno ya wale waliohojiwa yameandikwa. Yana tarehe, yana mahali, yamehifadhiwa. Kiti cha mwaka 2023 hakikuyafuta. Wala kiti si ngao isiyotoboka: Libya ilisimamishwa Barazani Machi 2011, na Urusi ikasimamishwa tarehe 7 Aprili 2022 baada ya kuivamia Ukraine, kwa kura 93 dhidi ya 24. Burundi ilikuwa miongoni mwa wale 24. Kenya, Tanzania na Uganda hazikuegemea upande wowote. Eritrea nayo, Julai 2025, ililiomba Baraza liondoe mtaalamu anayeifuatilia. Ombi lake lilikataliwa.

Siku ambayo kila mmoja hukaa kizimbani

Kuna utaratibu mmoja ambao hauchagui nchi tajiri wala maskini. Unaitwa mapitio ya nchi zote kwa zamu, na hujulikana zaidi kwa herufi UPR. Ulianza mwaka 2008. Kila nchi mwanachama wa Umoja wa Mataifa hukaguliwa mara moja katika kila miaka minne na nusu hivi.

Unaendeshwa hivi. Serikali huandika ripoti yake. Ofisi ya Haki za Binadamu hukusanya yaliyosemwa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa. Ripoti ya tatu hutokana na mashirika ya kiraia na tume za haki za nchi husika. Kisha siku inafika, waziri au ofisa mkubwa anakaa mbele kwa saa tatu na nusu, na nchi nyingine zinauliza maswali na kutoa mapendekezo.

Wanaouliza ni serikali, zikiwemo zenye makosa makubwa kuliko anayeulizwa. Marafiki hujipanga kusifia. Muda wa kila msemaji huwa mfupi sana, hivyo sifa zikijaa, maswali magumu hubanwa.

Lakini kila pendekezo huandikwa, na serikali lazima ijibu: tunalikubali, au tumelisikia tu. Kukubali ni ahadi ya hadharani, mbele ya dunia, kwa mdomo wa waziri mwenyewe.

Sisi tunaosoma ripoti hizi tumejifunza kutofautisha mapendekezo ya aina mbili. Kuna yale ya kirafiki: "endeleeni kuimarisha juhudi zenu nzuri za elimu." Hilo halimbani mtu. Na kuna yale yenye meno: "futeni kifungu hiki cha sheria," au "waruhusuni watoto hawa warudi shuleni." La pili hili unaweza kulifuatilia ukajua limefanyika au halijafanyika.

Mfano wa nyumbani: wasichana na shule

Kwa miaka mingi nchini Tanzania, msichana aliyepata ujauzito shuleni alifukuzwa na hakuruhusiwa kurudi katika shule ya serikali. Juni 2017 Rais John Magufuli alilisema hilo hadharani, kwamba hakuna mwenye mtoto atakayerudi. Vijijini tunajua maana yake. Binti wa miaka kumi na tano anabaki nyumbani na mtoto, na aliyempa mimba anaendelea na maisha yake.

Tarehe 5 Novemba 2021 Tanzania ilikaguliwa Geneva katika utaratibu huo wa UPR, na suala la wasichana hao lilikuwa miongoni mwa yaliyozungumzwa. Tarehe 24 Novemba, siku 19 baadaye, Waziri wa Elimu Joyce Ndalichako alitangaza kwamba wanafunzi walioacha shule, wakiwemo waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi.

Hatusemi kwamba Geneva ndiyo iliyoleta uamuzi huo. Nchi ilikuwa imepata rais mpya mwezi Machi. Mashirika ya ndani yalikuwa yamepiga kelele kwa miaka. Wafadhili nao walikuwa wameuliza kabla ya kutoa mikopo ya elimu. Tunachosema ni hiki: jambo lililokuwa likisemwa na mama mmoja mbele ya mwalimu mkuu lilifika mpaka kwenye meza ambayo waziri hawezi kuondoka bila kujibu. Na lilifika kwa sababu watu wa hapa nyumbani waliliandika.

Basi kwa nini wakorofi wasifukuzwe wote?

Swali hili ni la haki, na majibu yake hayafanani.

Wapo wanaosema Baraza lenye wakiukaji ndani yake linawasafisha. Serikali ikirudi nyumbani husema: mbona tumechaguliwa na dunia nzima? Kwa mfungwa aliyeteswa, hilo ni tusi la pili. Hoja hii ni nzito na hatuipuuzi.

Wengine wanasema klabu ya nchi safi peke yake ingekuwa ndogo sana, na nani angeamua nani msafi? Walio nje wasingekuwa na sababu ya kujibu chochote. Marekani yenyewe, ambayo imewalaumu wengi, haikutuma mtu kwenye mapitio yake Novemba 2025. Kabla yake ni Israel pekee iliyowahi kukosa, Januari 2013, ikarudi Oktoba mwaka huohuo. Aliye nje ya chumba haulizwi swali.

Tunavyoona sisi, tatizo kubwa si kwamba wenye makosa wapo chumbani. Tatizo ni pale wanapokuwa chumbani peke yao, bila mtu wa nyumbani anayejua ukweli, bila ushindani wa viti na bila anayekumbuka ahadi. Ushirikiano wa serikali mbaya juu ya haki huwa maigizo kama hakuna anayetazama. Akiwepo anayetazama, hata maigizo huacha maandishi.

Wewe una nafasi gani?

Ripoti ile ya tatu, ya mashirika ya kiraia, hutegemea matukio kutoka vijijini: mashamba yaliyochukuliwa bila fidia, mtu aliyepigwa kituoni, mtoto aliyezuiwa shule, mwandishi aliyekamatwa. Haya ndiyo tunayoshauri:

Kwanza, andika mapema. Tarehe, mahali, kilichotokea, nani aliona. Tukio lililoandikwa siku ileile lina nguvu kuliko linalokumbukwa baada ya miaka miwili. Hifadhi PF3, barua ya kijiji, risiti na picha.

Pili, peleka mahali panapofaa. Anza na msaidizi wa kisheria wa kata au wilaya yako. Tanzania kuna Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na Kenya kuna Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu. Mashirika ya kutetea haki yenye ofisi au wawakilishi mikoani ndiyo huandika ripoti za pamoja.

Tatu, jilinde. Usisambaze kwenye makundi ya simu majina au picha za mtu aliyedhulumiwa bila idhini yake. Anayekusimulia amekuamini. Fikiria kwanza usalama wake na wako.

Nne, ulizia ahadi. Ripoti za Geneva hutolewa kwa lugha rasmi sita za Umoja wa Mataifa, na Kiswahili si mojawapo. Hilo ni pengo kubwa, kwa sababu ahadi iliyotolewa kwa jina lako inawekwa katika lugha ambayo huenda huisomi. Waombe mashirika na redio, sisi tukiwemo, wakusomee kwa Kiswahili mapendekezo ambayo nchi yako imekubali. Kisha mbunge akija, muulize kwa jina la pendekezo: hili mlilolikubali, limefikia wapi?

Usitegemee jibu la haraka. Geneva haina polisi, kama tulivyosema. Hata Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha, ambayo ni mahakama kamili, hupata shida serikali zikiamua kurudi nyuma. Rwanda mwaka 2016 na Tanzania mwaka 2019 ziliondoa ruhusa ya wananchi na mashirika kufungua kesi moja kwa moja katika mahakama hiyo. Mwananchi wa kawaida akafungiwa mlango uliokuwa karibu naye zaidi.

Kwa kumalizia

Mkimbizi wa Nyarugusu aliyeuliza kama hii ni kesi ya nyani kwa ngedere hajakosea. Serikali nyingi huenda Geneva kujikinga, na mara nyingi hufanikiwa. Lakini huko huko hulazimika kusema maneno ambayo nyumbani wasingeyasema: tunakubali, tutafanya, tutarekebisha. Yanaandikwa, na hayafutiki kwa kupata kiti.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Deni hulipwa pale anayedai anapojua kiasi anachodai na kuendelea kubisha hodi. Burundi inamaliza kipindi chake Barazani mwishoni mwa 2026, na Kenya na Kongo mwishoni mwa 2027. Sisi tutaendelea kufuatilia kura zao na kuwasomea hapa. Nanyi mtuambie kama yale waliyoyakubali huko yamefika kijijini kwenu.